Herufi Saba Zinazoimba

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Kibaoni na bonde la Kilombero. Limesomwa na Ofisa Elimu, likachapwa ili wanafunzi walisome tena darasani pamoja na mwalimu wao.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kukaa, na waliokaa nyuma wananisikia sawasawa na waliokaa mbele. Fungueni madaftari yenu, mshike kalamu. Leo tutaandika kidogo, tutaimba kidogo, na tutasikiliza habari za watu wanne. Watatu ni watu wa Uingereza, na mmoja ni Mwafrika mwenzetu.

Kwanza andikeni herufi saba. Msiziandike kwa kwenda upande. Ziandikeni kama ngazi, kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa andikeni d. Juu yake andikeni r. Kisha m, kisha f, kisha s, kisha l, na juu kabisa t.

Mwalimu, tafadhali pita uwatazame.

Herufi hizi hamwezi kuziogopa, maana mnazijua. Herufi d ni ile ya dada. Herufi r ni ya redio. Herufi m ni ya mama, f ni ya fimbo, s ni ya samaki, l ni ya leo, na t ni ya taa. Mmezisoma katika wiki za kwanza za darasa. Lakini herufi hizi saba zina kazi ya pili, na pengine wengi wenu hamjaambiwa kazi hiyo. Herufi hizi zinaimba.

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki mtamwona kiongozi wa kwaya ameshika karatasi iliyojaa herufi hizi. Anaitazama karatasi, halafu anaimba wimbo ambao hajapata kuusikia hata siku moja. Watu husema, "Huyu ana kipaji." Kipaji anacho, lakini hicho alichofanya si kipaji. Amesoma tu, kama ninyi mnavyosoma barua.

Ninyi watu wa Kibaoni mnaijua habari ya kibao. Kibao husimama njia panda usiku na mchana, mvua na jua, kikionyesha njia. Lakini hakimwambii neno mtu asiyejua kusoma. Karatasi ya wimbo ni vivyo hivyo. Kwa asiyejua, ni karatasi tu. Kwa anayejua, ni sauti ya mtu aliye mbali, na pengine mtu huyo amekwisha kufa zamani.

Sasa tuulize: nani alizifundisha herufi hizi kuimba?

Bibi Sarah Glover, mwalimu wa Norwich

Mji wa Norwich uko upande wa mashariki wa Uingereza. Huko alizaliwa Sarah Glover, mwaka 1786. Baba yake alikuwa kasisi. Bibi Glover hakuolewa. Kazi yake ilikuwa kufundisha watoto wa kike wa maskini, na kanisani aliwafundisha watoto kuimba.

Wakati ule muziki uliandikwa kwa nota za mistari. Mchapaji alipiga mistari mitano iliyolala, na juu ya mistari hiyo akaweka vitone vyeusi na vyeupe vyenye mikia. Maandishi hayo ni mazuri, na mpaka leo wapigaji wa vyombo duniani kote wanayatumia. Walakini kwa watu maskini yalikuwa na shida mbili. Kwanza, yalikuwa magumu kwa mtu anayeanza. Pili, kuyachapa kulihitaji vifaa vya pekee, na kwa hiyo kitabu cha nyimbo kilikuwa na bei kubwa. Muziki wa kuandikwa ukawa mali ya wenye nafasi. Maskini aliimba kwa kusikia tu.

Bibi Glover alitaka njia nyingine. Majina ya sauti, yaani do, re, mi na wenzake, hakuyabuni yeye. Asili yake ni mtawa mmoja wa Italia, Guido wa Arezzo, aliyefundisha kuimba miaka ipatayo elfu iliyopita. Lakini palikuwa na tatizo dogo. Sauti ya tano iliitwa sol, na ya saba iliitwa si. Zote mbili zinaanza na herufi s. Ukiandika s peke yake, mwimbaji hajui unataka ipi.

Bibi Glover akaibadilisha ile ya saba, akaipa jina linaloanza na t. Sisi leo tunaiita ti. Sasa kila sauti ilikuwa na herufi yake peke yake, na herufi moja ikatosha kusimama mahali pa jina zima. Akaandika herufi hizo katika ngazi, akaitundika mbele ya watoto. Alipoelekeza fimbo yake kwenye herufi, watoto waliimba sauti hiyo. Aliifanya kazi hii miaka mingi bila makelele. Mwaka 1835 akaandika kitabu kueleza njia yake.

Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Bibi huyu hakuwa na cheo, wala hakuwa mwimbaji mashuhuri. Alikuwa mwalimu wa watoto maskini. Aliiona shida ya wanafunzi wake, akaitafutia dawa.

Bwana John Curwen, mchungaji asiyejua nota

Mtu wetu wa pili ni John Curwen. Alizaliwa mwaka 1816 katika jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji, naye mwana akawa mchungaji.

Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili walikutana katika mji wa Hull. Walikuwa na shauri moja: watu wengi wanapenda kuimba, lakini hawajui namna ya kujifunza. Wakamwagiza Curwen atafute njia iliyo bora na nyepesi ya kufundisha watu wote kuimba. Na Curwen mwenyewe alikuwa hajui kusoma muziki! Alikuwa amejaribu, na nota za mistari zikamshinda.

Pengine mtu atasema walikosea kumpa kazi hiyo. Mimi nadhani hawakukosea. Mtu aliyeanguka njiani ndiye anayejua jiwe liko wapi. Curwen alijua ni mahali gani mwanafunzi huchoka, kwa kuwa yeye alichoka mahali hapo hapo.

Akakipata kile kitabu cha Bibi Glover. Akajifundisha kwacho, na kwa mara ya kwanza akaweza kuusoma wimbo mwenyewe. Basi akakata shauri kueneza njia hii. Akaibadilisha kidogo. Badala ya herufi kubwa akatumia herufi ndogo. Akaongeza alama za kupima mapigo, ambazo nitawaeleza sasa hivi. Baadaye akaongeza ishara za mkono.

Hapa pana jambo la kufikiri. Curwen alianza kuitumia njia ya Bibi Glover, na kuibadilisha, kabla ya kumwomba ruhusa. Bibi Glover alipoona, hakupendezwa na mabadiliko yale. Tunaweza kuelewa. Mtu akichukua jembe ulilolifua mwenyewe, akalikata mpini, hata kama analima nalo shamba kubwa kuliko lako, moyo utakuuma. Lakini Curwen hakulificha jina la mwenye njia. Aliandika wazi kwamba amejifunza kwa Bibi Glover wa Norwich. Wakaandikiana barua kwa heshima. Bibi Glover alifariki mwaka 1867, na mpaka leo tunaweza kulitaja jina lake kwa sababu aliyemfuata alilitaja. Kazi ya watu wawili hawa ndiyo inayoitwa solfa.

Curwen alianzisha chama cha solfa mwaka 1853, na mwaka 1863 akaanzisha kiwanda chake cha kuchapa. Kwa nini solfa ilikuwa rahisi kuchapwa? Kwa sababu mchapaji hakuhitaji vifaa vya pekee. Herufi zile zile anazochapia gazeti zilitosha kuchapa wimbo. Bei ya vitabu ikashuka. Wafanyakazi wa viwandani, wachimba makaa ya mawe na watumishi wa nyumbani wakanunua vitabu, wakakutana jioni baada ya kazi, wakajifunza. Curwen alitoa vyeti kwa waliofaulu, daraja kwa daraja. Mtu aliyeshinda kutwa akisukuma toroli alirudi nyumbani na cheti cha kusoma muziki. Curwen alifariki mwaka 1880, na wakati huo solfa ilikuwa imekwisha kuvuka bahari.

Tujaribu wenyewe

Sasa tazameni ubaoni. Mwalimu, andika mstari huu:

| d : m | s : s | m : r | d : – ||

Someni pamoja nami. Kila herufi ni sauti moja. Nukta mbili, moja juu ya nyingine, hutenganisha pigo na pigo. Mstari uliosimama huja kabla ya pigo zito. Kistari kidogo maana yake ni kwamba usipumzike, bali endeleza sauti uliyokuwa nayo. Mistari miwili ya mwisho maana yake wimbo umekwisha.

Pigeni makofi polepole, kofi moja kwa kila pigo. Mmoja, wawili. Mmoja, wawili. Sasa imbeni: do, mi, sol, sol, mi, re, do-o.

Vizuri. Tena, mara ya pili. Wale wa nyuma wasikike.

Mtauliza, do ni sauti gani? Do si sauti moja ya siku zote. Do ni mahali pa kuanzia. Kama waimbaji wana sauti nene, kiongozi huiweka do chini. Kama wana sauti nyembamba, huiweka juu. Ngazi ni ile ile. Ukiihamisha ngazi kutoka nyumba moja kwenda nyingine, hatua zake hazibadiliki urefu. Ndivyo ilivyo do.

Na hizi ndizo ishara tatu za mkono za Bwana Curwen. Do ni ngumi. Mi ni kiganja kilicholala, kikitazama chini. Sol ni kiganja kinachokutazama wewe mwenyewe, na kidole gumba kimesimama juu. Mwalimu atawaonyesha, nanyi mtaimba kwa kuutazama mkono wake.

Nisiwafiche upungufu wa solfa. Kwa muziki wenye vyombo vingi, au unaobadilisha do mara kwa mara, solfa huwa nzito, na nota za mistari huwa bora. Kwa sababu hiyo wako wasomi wa muziki walioidharau. Lakini mtu hadharau mtumbwi kwa kuwa si meli, ikiwa mto wake ni wa mtumbwi.

Joseph Parry, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma

Mtu wetu wa tatu nilimchagua kwa ajili yenu, kwa sababu alianza kusoma muziki akiwa amekwisha kuzoea kazi ngumu.

Joseph Parry alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Merthyr Tydfil, nchi ya Welisi, ambayo ni sehemu ya ufalme wa Uingereza. Mji ule ulikuwa mji wa chuma. Moshi ulitoka mchana, na usiku mbingu ilikuwa nyekundu kwa moto wa tanuri. Watu wa nyumba yao walipenda kuimba, lakini fedha hawakuwa nazo. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, Joseph aliingia katika mgodi wa makaa ya mawe kufanya kazi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, alihamia kiwanda cha chuma. Hakupata utoto wa shule.

Mwaka 1854 familia yake ilihamia Marekani, katika mji wa Danville, jimbo la Pennsylvania. Huko nako akafanya kazi katika kiwanda cha chuma. Lakini kati ya wafanyakazi wenzake walikuwamo watu wa Welisi waliojua muziki. Wakafungua darasa lao wenyewe, wafanyakazi kwa wafanyakazi. Joseph akajiunga, kijana wa miaka kama kumi na saba. Hapo ndipo alipojifunza kusoma na kuandika muziki.

Angalieni mahali alipojifunzia. Hakuwa katika chuo kikuu, wala hakufundishwa na profesa. Alifundishwa na wenzake wa kazini, jioni, mikono ikiwa bado ina weusi wa chuma.

Akaanza kutunga. Akapeleka nyimbo zake katika mashindano makubwa ya watu wa Welisi, akashinda. Watu walipoona, walichanga fedha, huyu kidogo na huyu kidogo, ili aende kusoma. Mwaka 1868 akaingia katika chuo cha kifalme cha muziki mjini London. Mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa muziki katika chuo kikuu cha Aberystwyth. Mwaka 1878 Chuo Kikuu cha Cambridge kikampa shahada ya udaktari wa muziki. Yule mtoto wa mgodini akaitwa Daktari Parry. Alifariki mwaka 1903, na nyumba ndogo aliyozaliwa imehifadhiwa kuwa makumbusho.

Katika nyimbo zake uko mmoja wa kanisa alioupa jina la mji ule wa Aberystwyth. Ulichapwa mwaka 1879. Likumbukeni jina hilo, maana tutakutana nalo tena.

Enoch Sontonga, mwalimu mwenye daftari

Sasa tunarudi Afrika. Wamisionari waliichukua solfa wakaipeleka nchi nyingi. Katika Madagaska vitabu vya nyimbo vilichapwa kwa solfa. Katika Afrika Kusini ilifundishwa mashuleni, na Waafrika wakaipokea, wakaitumia kwa nyimbo zao wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Enoch Sontonga. Alizaliwa Uitenhage, Afrika Kusini, yapata mwaka 1873. Alikuwa mwalimu katika shule ya misheni ya Kimethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg, na kiongozi wa kwaya. Mshahara wa mwalimu ulikuwa mdogo, na maisha ya Waafrika katika miji ile ya dhahabu yalikuwa ya dhiki. Sontonga alitunga nyimbo kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliziandika kwa mkono katika daftari, na aliziandika kwa solfa.

Mwaka 1897 alitunga wimbo mmoja wa sala ya kuiombea Afrika. Mwaka 1899 uliimbwa mbele ya watu katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji. Wako wanaosema mahadhi yake yanafanana na ule wimbo wa Aberystwyth wa Joseph Parry, wengine hawakubali. Ninyi mkipata nafasi ya kuzisikia zote mbili, amueni kwa masikio yenu.

Sontonga alitaka nyimbo zake zichapwe. Hakuwahi. Alifariki mwaka 1905, akiwa bado kijana. Imeandikwa kwamba mjane wake, kwa shida, aliiuza haki ya wimbo ule kwa peni sita tu.

Lakini wimbo haukufa. Tarehe 8 Januari, 1912, uliimbwa katika mkutano wa kuanzisha chama cha Waafrika wa Afrika Kusini, ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje, mwandishi mashuhuri, aliuimba ukatiwa katika sahani ya santuri mjini London. Ukapita mipaka. Na mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, mahadhi yale yale yalikuwa ndiyo mahadhi ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili: Mungu Ibariki Afrika.

Basi mnaona njia ndefu ya herufi hizi. Bibi mmoja wa Norwich anawafundisha watoto maskini. Mchungaji asiyejua nota anajifunza kwake. Solfa inavuka bahari. Mwalimu Mwafrika anaitumia katika daftari lake. Na leo mtoto wa shule ya Kibaoni anasimama mbele ya bendera akiimba.

Kaburi la Sontonga lilisahauliwa miaka mingi. Lilipotafutwa likaonekana Johannesburg, na tarehe 24 Septemba, 1996, Rais Nelson Mandela akafunua mnara wa ukumbusho pale. Mtu aliyetupa wimbo alikaa miaka tisini na moja bila alama ya kutosha juu ya kaburi lake.

Nyimbo za bonde letu

Majirani zetu wa Kenya nao wana habari yao. Mwaka 1963 walitaka wimbo wa taifa. Kamati ya watu watano iliwekwa. Mmoja wao alikuwa Mwingereza, Graham Hyslop, mwalimu wa muziki. Wenzake walikuwa George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Mahadhi waliyoyachukua hayakutoka Ulaya. Yalitoka katika wimbo wa kubembeleza mtoto wa Wapokomo, watu wa mto Tana, na aliyeutoa ni Mzee Meza Moroa Galana. Wimbo wa mama na mtoto, kando ya mto, ukawa wimbo wa taifa.

Nasi tunao mto. Tunao Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na wengine wengi. Daraja kubwa la mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake watu walivuka kwa kivuko na kwa mitumbwi. Daraja ni neema, wala hatutaki kurudi nyuma. Mgonjwa sasa anafika hospitali bila kungoja majini. Lakini kazi inapokoma, wimbo wa kazi hiyo nao hunyamaza. Waulizeni wazee waliopiga kafi: mliimba nini? Waulizeni akina bibi waliotwanga mpunga kwa kinu kabla ya mashine: mliimba nini? Ulizeni leo. Mzee akifa na wimbo wake, hatutapata pa kuuliza tena.

Mtu atasema, "Siku hizi tuna simu, inanasa sauti." Ni kweli, tumieni simu. Lakini simu huanguka majini, huibwa, hufutika. Herufi katika daftari haihitaji betri. Tena andikeni nakala mbili, mkakumbuke daftari la Sontonga.

Na mkiandika wimbo, andikeni na jina. Nani aliuimba, wa kijiji gani, alifundishwa na nani, mwaka gani. Msiandike "wimbo wa zamani" mkaishia hapo. Mjane wa Sontonga alipata peni sita, na Bibi Glover nusura asahauliwe. Hapa Tanzania iko Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda kazi ya mtunzi, na ofisi inayoshughulikia mambo hayo inaitwa COSOTA. Lakini sheria humsaidia mtu mwenye cha kuonyesha. Mwenye karatasi yenye jina na tarehe ana mahali pa kuanzia. Asiye nayo atabishana kwa mdomo.

Ndugu wanafunzi, wengine wenu mlipoanza darasa hili mlichekwa. Mliambiwa, "Umri huu unakwenda kusoma herufi?" Mkiulizwa tena, mjibu kwamba Joseph Parry alijifunza baada ya zamu ya kiwandani, na kwamba wimbo wa taifa uliandikwa kwa herufi saba ambazo sasa mnazijua.

Kazi ya wiki hii ni moja. Kila watu watatu wamtafute mzee mmoja, waandike maneno ya wimbo mmoja wa kazi, pamoja na jina lake. Wenye kuweza wajaribu kuandika na solfa yake. Wasioweza wauimbe darasani, na mwalimu au mtu wa kwaya awasaidie.

Wiki ijayo tutasoma habari ya kuandika barua ya maombi. Kwaherini.

Maneno ya kujifunza

Mahadhi: mwendo wa sauti katika wimbo, mbali na maneno yake.
Solfa: njia ya kuandika muziki kwa herufi.
Pigo: kipimo cha wakati katika wimbo, kama kofi moja.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga.
Nakala: andiko la pili linalofanana na la kwanza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini vitabu vya solfa vilikuwa na bei ndogo kuliko vitabu vya nota za mistari?
2. Bwana Curwen aliitumia njia ya Bibi Glover kabla ya kumwomba ruhusa, lakini alilitaja jina lake. Je, alitenda haki? Toeni sababu.
3. Joseph Parry alifundishwa na nani kusoma muziki? Je, katika kijiji chenu yuko mtu anayeweza kuwafundisha wenzake jambo fulani?
4. Tajeni kazi moja ya bonde letu ambayo haifanywi tena kama zamani. Nani bado anazijua nyimbo zake?
5. Andikeni mstari mmoja wa solfa wenye mapigo manane, kisha mwimbeni mwenzenu auandike kwa kusikia.